Kabla ya kuchagua tairi, ijue njia: ushauri kwa wanaojiandaa kwa mashindano marefu ya baiskeli za milimani

Waendeshaji wengi wa Goma wanaonijia kabla ya mashindano yao ya kwanza ya umbali mrefu huuliza ni tairi gani lililo gumu kuliko yote. Swali hilo linaeleweka kwa mtu anayeishi juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, lakini halitoshi, kwa sababu ugumu tunaoutafuta hapa kwetu ni wa aina moja tu, na mashindano mengi tunayoweza kuyafikia kwa urahisi, hasa ya upande wa Rwanda, hayapiti juu ya ardhi ya namna hii. Ninawashauri waanze na njia yenyewe: wajue ina mawe gani, udongo gani, itapitwa katika msimu gani na ina miinuko ya aina gani, kisha wachague matairi na kupanga mazoezi kwa kuifuata njia hiyo, si kwa kufuata barabara walizozizoea.

Ardhi yetu ndiyo iliyotufundisha mapendeleo yetu, kwa hiyo inafaa kuielewa kwanza. Lava ikipoa hugeuka mwamba mweusi wenye matundu madogo na kingo zinazokata kama kioo. Mawe ya mlipuko wa Januari 2002, yaliyofunika sehemu ya katikati ya mji, yamekwisha kusagwa na magari, chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo) na miguu ya watu, hivyo makali yake yamepungua. Lakini yale ya Mei 2021, upande wa Buhene na kuelekea Kibati, bado yana ncha. Mawe haya ni nadra kutoboa sehemu ya tairi inayokanyaga ardhi, maana hapo mpira ni mnene. Yanachokata ni ubavu: gurudumu linapoteleza kutoka kwenye ukingo wa jiwe, uzito wote wa mwendeshaji huishia kwenye sehemu nyembamba kuliko zote. Ndiyo maana mtu aliyejifunzia hapa hupenda tairi zito, lenye ubavu mnene na meno makubwa, na hulijaza upepo mpaka likawa gumu kama alivyozoea.

Sasa mpeleke mtu huyo kwenye njia ya Congo Nile Trail, yenye kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi kandokando ya Ziwa Kivu, au kwenye mashindano ya Race Around Rwanda, mzunguko wa takriban kilomita 1000 unaoanzia na kuishia Kigali, ambao huchanganya lami na barabara za udongo. Huko adui ni udongo mwekundu wa mfinyanzi. Ukiwa mkavu, hukanyagika vizuri na tairi lenye meno mafupi hukimbia bila shida. Ukinyeshewa, hunata, hujaa katikati ya meno, hupanda hadi kwenye uma na fremu, na baada ya mita mia chache gurudumu hukataa kuzunguka. Nimewaona watu wenye matairi mapana ya gharama kubwa wakibeba baiskeli zao mabegani huku wanakijiji wakipita na baiskeli za kawaida zenye matairi membamba, wakiwasalimia kwa upole ambao sina hakika kama haukuwa na kicheko ndani yake.

Kwa hiyo msimu ni jambo la kwanza. Mvua ndefu za ukanda huu huanguka kati ya Machi na Mei, na nyingine kati ya Septemba na Desemba. Miezi ya Juni, Julai na Agosti huwa mikavu. Kwa mashindano ya kiangazi mimi huchagua upana wa inchi 2.25 mbele na nyuma, meno mafupi yaliyosogeleana katikati na marefu kiasi pembeni, ili nisipoteze nguvu kwenye barabara iliyoshindiliwa na wakati huohuo nisiteleze kwenye kona zenye vumbi. Kwa mashindano ya masika nahitaji meno yaliyoachana, yanayoweza kutema tope, na nyuma napunguza upana hadi inchi 2.1 ili ibaki nafasi ya kutosha kati ya tairi na fremu. Nafasi hiyo ipimwe kwa macho na kwa kidole: kama kidole kidogo hakipiti pande zote mbili, tope litakusimamisha.

Mbele na nyuma si lazima pafanane. Gurudumu la mbele ndilo linaloamua kama utabaki wima kwenye kona, hivyo lipewe tairi lenye meno ya kushika. La nyuma ndilo linalobeba uzito mkubwa zaidi na kusukuma, hivyo lipewe linalokimbia vizuri. La nyuma pia ndilo linaloisha haraka. Anayeweza kununua tairi moja tu jipya alifunge mbele, na lile lililokuwa mbele alihamishie nyuma.

Jambo linalowapotosha wengi ni hofu ya uzito. Chukua mwendeshaji ambaye pamoja na baiskeli, maji na mizigo ana kilo 80. Akichagua matairi yaliyoimarishwa ubavuni, yanayozidi yale mepesi kwa gramu 150 kila moja, ameongeza gramu 300, yaani chini ya asilimia 0.4 ya jumla. Katika kupanda mlima kwa saa nzima, ongezeko hilo humgharimu sekunde 14 hivi. Kushona ubavu uliochanika, mvua ikinyesha na mikono ikitetemeka kwa baridi, hula nusu saa hata kwa mtu hodari. Husemwa kwamba uzito wa gurudumu huhesabika mara mbili. Hilo lina ukweli mtu anapoongeza kasi ghafla, lakini si anapopanda kwa mwendo uleule kwa muda mrefu, na mashindano marefu karibu yote ni ya mwendo uleule.

Ubavuni mwa tairi zuri huandikwa idadi ya nyuzi kwa kila inchi, mara nyingi 60 au 120. Nyuzi nyingi nyembamba hulifanya tairi linyumbuke na kupita vizuri juu ya kokoto, na nyuzi chache nene hustahimili mikato. Namba hiyo, hata hivyo, isiaminiwe peke yake, kwa kuwa watengenezaji wengine huhesabu tabaka moja na wengine hujumlisha tabaka zote. Mimi huminya ubavu kwa vidole viwili kabla ya kulipa, nikilinganisha matairi mawili dukani, na tofauti huonekana mara moja.

Kuna namba nyingine muhimu zaidi kwa mnunuzi wa Goma, kwa sababu baiskeli nyingi tunazonunua ni za mitumba na hazifanani. Tafuta maandishi kama 57-622 au 54-559. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu mahali tairi linapokaa. Gurudumu linaloitwa la 26 ni 559, la 27.5 ni 584, na la 29 ni 622, na hakuna namna ya kulazimisha moja liingie kwenye jingine. Mwenye baiskeli ya 26 asikate tamaa, lakini aanze kutafuta tairi lake miezi kadhaa kabla, maana mazuri ya kipimo hicho yanazidi kuwa adimu na huenda yakahitaji kuagizwa mbali.

Kuhusu kutumia mpira wa ndani au kuuacha, msimamo wangu ni kwamba kwa mashindano marefu afadhali uuache, ikiwa rimu na tairi vyote viwili vimetengenezwa kwa ajili hiyo. Faida kubwa ni kwamba unaweza kuendesha kwa upepo mdogo bila mpira wa ndani kubanwa kati ya jiwe na rimu, ajali inayoacha matundu mawili yaliyokaribiana na ambayo kila mwendeshaji wa hapa anaijua. Ndani ya tairi humwagwa majimaji maalumu ya kuzibia, mililita 80 hadi 100 kwa tairi la inchi 2.25 la gurudumu la 29, nayo huziba matundu ya miiba na misumari yenyewe wakati gurudumu likizunguka. Hayazibi mchaniko mrefu wa ubavuni, kwa sababu ubavu unajikunja kila mzunguko na kuufungua upya. Vilevile hukauka: katika miezi miwili hadi minne ya joto na vumbi hubaki utando tu, hivyo yaongezwe kabla ya mashindano hata kama tairi halijawahi kuvuja.

Kulifunga tairi la namna hiyo kwa pampu ya mkono ni taabu, maana linahitaji upepo mwingi kwa mara moja ili likae kwenye rimu. Hapa kwado wa mtaani, yaani fundi wa matairi mwenye kompresa ya kujazia matairi ya magari, ni msaada mkubwa, mradi ununue kile kichwa kidogo cha shaba cha kubadilisha valvu nyembamba ya baiskeli iwe kama ya gari, na usimame karibu naye. Kompresa yake ina nguvu mara nyingi zaidi ya inayohitajika, naye amezoea malori. Kiwango cha juu kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Mwonyeshe kabla hajafungua bomba.

Kiasi cha upepo ndiyo sehemu ambayo ningependa watu waipe muda mwingi zaidi, kwa kuwa haigharimu chochote. Kwenye ardhi yenye mawe, tairi gumu kupita kiasi huenda polepole kuliko laini: kila jiwe humnyanyua mwendeshaji na baiskeli yake, na nguvu ya kunyanyua hutoka miguuni mwake, ilhali tairi laini humezea jiwe na kupita. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye matairi ya inchi 2.25 yasiyo na mpira wa ndani, pa kuanzia ni bari (kizio cha kupimia mgandamizo wa upepo) 1.5 mbele na 1.7 nyuma. Kisha achague kipande kimoja cha barabara ya mawe, akipite mara kadhaa akipunguza bari 0.1 kila mara, mpaka asikie rimu ikigonga jiwe au tairi likiyumba kwenye kona. Hapo aongeze 0.1 au 0.2 na aandike namba hiyo mahali. Anayetumia mpira wa ndani aanzie juu zaidi, kwenye bari 2 au zaidi kidogo, na mwenye mikoba kwenye baiskeli aongeze kidogo nyuma. Kifaa cha kupimia upepo kiwe kilekile siku zote, maana vifaa viwili ni nadra kukubaliana. Kubonyeza kwa kidole gumba si kupima.

Vifaa vya njiani nitavipitia haraka. Beba mpira wa ndani mmoja au miwili hata kama huutumii, vizibo vya kuchomeka kwenye tundu kubwa, pampu inayofanya kazi, viraka na gundi ambayo haijakauka, kiungo cha ziada cha mnyororo na kile kipande cha chuma kinachoshikilia gia ya nyuma, kwa kuwa kikivunjika hakuna duka la kijijini litakalokuwa nacho. Kwa ubavu uliochanika, sindano nene na uzi wa nailoni, pamoja na kipande cha ubavu wa tairi la zamani kilichokatwa mapema kwa ukubwa wa kiganja. Kipande hicho huwekwa ndani, mpira wa ndani ukafuata, na unaweza kumaliza mashindano ukiwa nacho.

Mazoezi nayo yaifuate njia. Kupanda kutoka ziwani, mita 1460 juu ya usawa wa bahari, hadi Kibati kwenye karibu mita 2000, ni zoezi zuri la pumzi wakati hali ya usalama inaruhusu, na kabla ya kutoka nje ya mji mtu aulize wanaotoka huko siku hiyohiyo, si jana yake. Lakini ni mpando mmoja mrefu wa taratibu, ilhali kando ya ziwa upande wa Rwanda kuna vilima vifupi vikali vinavyofuatana bila kukupa nafasi ya kupumua. Anayejiandaa kwa vilima hivyo atafute mtelemko mfupi mkali, aupande na kuushuka mara nyingi, tena mwishoni mwa mazoezi akiwa tayari amechoka. Mara moja kwa wiki aende safari ndefu akiwa na mizigo yote ya mashindano, na angalau mara moja aendeshe usiku kwa taa atakayoitumia, kwenye barabara anayoijua.

Safari hizo ndefu ndipo pa kujaribu chakula. Mwili unaofanya kazi kwa saa nyingi hufaidika na takriban gramu 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu ya kadiri ina gramu 25 hivi, kwa hiyo ndizi mbili na kipande cha chapati hukaribia kiwango hicho bila kununua vifurushi vya bei ghali. Mimi hubeba pia viazi vidogo vilivyochemshwa na kutiwa chumvi, kwa sababu baada ya saa tano utamu wote huchukiza. Kula kuanze ndani ya saa ya kwanza, kabla ya njaa.

Matairi ya mashindano yafungwe wiki tatu kabla, yaendeshwe, yaongezewe majimaji, na yasibadilishwe tena isipokuwa yameharibika. Wiki ya mwisho iwe ya mazoezi mafupi na usingizi. Hati za kuvukia mpaka ziwe tayari mapema, kwa kuwa foleni ya Rubavu asubuhi haimjali mwenye mashindano. Ukifika mahali pa kuanzia, tembea au endesha kilomita chache za mwanzo wa njia jioni ile, chukua udongo mkononi na uufinyange. Ukishikamana na kuwa donge, shusha upepo kidogo mbele. Ukimomonyoka na kuwa vumbi, acha namba zako kama ulivyoziandika, funga vifuniko vya valvu na uende kulala.