Alama ya kujumlisha haitoshi kuutambua mfuatano

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Katika jaribio la aljebra tulipewa mfuatano x, x + 3, x + 9, tukaulizwa kama ni wa kihesabu au wa kijiometri. Nilijibu kuwa ni wa kihesabu kwa sababu niliona alama za kujumlisha, nikakosa. Tena namba zikipungua, kama 96, 48, 24, 12, mwenzangu hunishawishi kuwa kupungua ni kutoa, hivyo mfuatano ni wa kihesabu. Nitaitofautishaje bila kubahatisha?
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro

JIBU: Marahaba. Mfuatano ni wa kihesabu iwapo kila namba, ukiitoa ile iliyoitangulia, inabakiza tofauti ileile. Ni wa kijiometri iwapo kila namba, ukiigawa kwa ile iliyoitangulia, inatoa uwiano uleule. Kuongezeka au kupungua hakuamui lolote. Katika mfano wa mwenzako, 48 − 96 ni −48, ilhali 24 − 48 ni −24, kwa hiyo tofauti inabadilika. Lakini 48 ÷ 96, 24 ÷ 48 na 12 ÷ 24 zote ni nusu. Huo ni wa kijiometri. Namba zinazopungua kwa kutoa kiasi kilekile, kama 96, 84, 72, 60, ndizo za kihesabu.

Sasa tuje kwenye swali la jaribio, ambalo kwa maoni yangu limetungwa kwa ustadi. Toa namba ya kwanza kutoka kwenye ya pili: (x + 3) − x = 3. Toa ya pili kutoka kwenye ya tatu: (x + 9) − (x + 3) = 6. Herufi x imejifuta yenyewe pande zote mbili, maana yake ni kwamba hata ukiipa x thamani gani, tofauti zitabaki 3 na 6, na mfuatano huo hauwezi kamwe kuwa wa kihesabu. Ili uwe wa kijiometri, sharti (x + 3) ÷ x ilingane na (x + 9) ÷ (x + 3). Ukizidisha kwa kukingamanisha utapata (x + 3)² = x(x + 9), yaani x² + 6x + 9 = x² + 9x, ambapo x² zinaondoka na kubaki 9 = 3x. Basi x ni 3, na mfuatano ni 3, 6, 12. Kwa thamani nyingine yoyote hauwi wa aina yoyote kati ya hizo mbili: x ikiwa 4, kwa mfano, unapata 4, 7, 13.

Usiamue kwa namba mbili tu. Ukipewa 2 na 6, ya tatu inaweza kuwa 10 au 18, na njia hizo mbili huachana upesi mno: namba ya kumi ya mfuatano wa kihesabu ni 2 + 9 × 4, yaani 38, ilhali ya kijiometri ni 2 × 3⁹, yaani 39,366. Ndiyo maana mkopo wa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka unafikia 110,000, 120,000 na 130,000 ikiwa riba inahesabiwa juu ya mkopo wa awali pekee, lakini unafikia 110,000, 121,000 na 133,100 ikiwa riba nayo inazaa riba. Mwaka wa kwanza pekee hauoneshi tofauti yoyote.

Namba zikibadilishana alama, kama 81, −27, 9, −3, jaribu kugawanya kwanza. Hapa uwiano ni −1/3. Na ukikuta 1, 4, 9, 16, andika kwa ujasiri kuwa si wa kihesabu wala si wa kijiometri, kisha onesha tofauti 3, 5, 7 na uwiano 4 na 9/4, kwa kuwa msahihishaji anataka kuuona uthibitisho huo kwenye karatasi yako.