Maswali ya Magari: Hita Imekufa, Nani Anajali Huku Ziwani?

Msimu wa safari za kusini umeanza, na maswali yaliyojaa safari hii ni ya hita. Wengi wanauliza kwa aibu kidogo, kana kwamba mtu wa Mwanza hana haki ya kulalamikia baridi. Mengine hayahusu baridi kabisa, ila yote yanaishia kwenye paipu zilezile.

Shikamoo fundi. Nina Corolla ya miaka ya tisini. Sijawahi kuwasha hita tangu niinunue, huku nani anataka moto ndani ya gari? Sasa mwezi wa sita tuna harusi ya ukweni Makete. Nimeijaribu, inapuliza upepo wa baridi tu. Fundi wangu anasema niachane nayo, ninunue mablanketi. (Mwalimu, Nyegezi)

Marahaba, mwalimu. Mablanketi beba, maana Makete ya Juni umande unaweza kuamka ni barafu. Lakini hita usiachane nayo, na nitakueleza kwa nini.

Hita ya gari lako haizalishi joto lake yenyewe. Nyuma ya dashibodi kuna rejeta ndogo. Maji ya moto yaleyale yanayozunguka kwenye injini yanapita humo, feni inapuliza hewa juu yake, hewa inakufikia ikiwa imepata moto. Kwa hiyo ikipuliza baridi, ulizia kwanza maji ya injini: yapo? Yanapata moto? Yanafika huko nyuma ya dashibodi?

Anza asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Fungua mfuniko wa rejeta yenyewe. Usiridhike na lile dumu la pembeni, kwa sababu mfuniko ukichoka au mpira wake mwembamba ukipasuka, dumu hubaki na maji yake huku rejeta inakauka. Hita imekaa juu kwenye mfumo, hivyo maji yakipungua yenyewe ndiyo hukosa mapema, kabla hata mshale wa joto haujakuonya. Gari nyingi zinazoletwa kwangu kwa ugonjwa wa hita zinaondoka kwa kujazwa maji na kubanwa klipu moja ya mpira iliyolegea.

Maji yakiwa yamejaa, washa injini, weka kitasa kwenye moto wa mwisho, subiri dakika kumi na tano hivi. Mshale ukigoma kupanda, au ukipanda mjini na kushuka ukishika barabara kuu, mtafute aliyetoa themostati. Huu ndio mchezo wetu wa huku: gari likichemsha mara moja, themostati inatupwa, mteja anaambiwa ni kifaa cha Wazungu wa baridi. Themostati huzuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka injini ifikie joto lake la kazi. Nyingi za Toyota zimepigwa muhuri wa nyuzi 82. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa vuguvugu, mafuta yanaliwa zaidi, na huko Makete hita itakupulizia huruma tu. Rudisha themostati. Kama gari lilikuwa linachemsha, sababu bado ipo na inakungoja.

Mshale ukikaa sawa, fungua boneti utafute mipira miwili inayoingia kwenye ukuta wa chuma ulio kati ya injini na dashibodi. Iguse kwa uangalifu, mbali na feni na mikanda. Yote miwili ikiwa ya moto, maji yanafika, na kosa liko ndani: kile kibati kinachoelekeza hewa kimekwama, au waya wake umechomoka kwenye kitasa. Mmoja moto na mwingine baridi, rejeta ndogo imeziba, au koki ya maji haifunguki. Baadhi ya gari za zamani zina koki hiyo inayovutwa na waya, na koki isiyoguswa miaka kumi hushikwa na kutu ikiwa imefungwa. Yote baridi wakati injini ni ya moto, angalia koki hiyohiyo, kisha ushuku hewa iliyonaswa ndani ya mfumo.

Hewa hutolewa bila gharama. Egesha gari pua ikitazama juu, na Mwanza hatukosi mlima. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, weka hita kwenye moto wa mwisho, jaza maji, washa, na uwe unaminyaminya mpira mkubwa wa juu kabla haujapata moto. Mapovu yatatoka, maji yatashuka, ongeza. Yakitulia, funga. Lakini kama umetoa hewa leo na kesho imerudi, kesho kutwa imerudi, hapo mwalimu usiende Makete. Hewa hiyo inaweza kuwa moshi wa silinda unaopenya kwenye gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini. Afadhali ulijue hilo ukiwa Nyegezi.

Ndani ya gari langu kuna harufu tamutamu, na kioo cha mbele kinashika ukungu wa mafuta ambao kitambaa hakiutoi vizuri. Kapeti ya upande wa abiria ni mbichi ingawa mvua hakuna. (Mama wa biashara, Kirumba)

Rejeta ya hita imetoboka, mama. Utamu huo ni kulanti, dawa ya kupoza injini inayochanganywa na maji ya rejeta, na unaoona kwenye kioo ni mvuke wake. Usiuzoee. Kulanti nyingi zina kemikali ya ethilini glikoli, ambayo ni sumu ikinywewa, na kwa kuwa ina ladha tamu, mtoto au mbwa anaweza kuilamba. Ing'oe kapeti uioshe.

Utaambiwa utie bizari kwenye rejeta, au ute wa yai, au ile dawa ya chupa ya kuziba. Bizari inaziba kweli. Haichagui inachoziba: vijia vya rejeta ya hita ni vyembamba kuliko vya rejeta kubwa, kwa hiyo huzibwa vyote, vizima na vibovu. Ukiwa porini usiku, tia ufike nyumbani. Ukiwa Kirumba mchana, mwambie fundi aunganishe ile mipira miwili nje ya dashibodi ili maji yasipite ndani, utafute rejeta ya hita taratibu. Kazi ya kuibadilisha ni kubwa, kwa gari nyingi dashibodi lazima ishuke, kwa hiyo elewaneni bei ya ufundi kabla bisibisi haijashikwa. Na akianza leo aweke skrubu zote kwenye kopo moja. Dashibodi inayolia kwenye mashimo ni kumbukumbu ya fundi aliyebakiwa na skrubu.

Mwangaluka fundi. Noah yangu inapunguza maji kila siku. Chini ya injini pakavu. Fundi amegundua paipu za hita ya nyuma zimeoza, anataka kuikata hita hiyo kabisa. Injini haitaumia? (Dereva, Igoma)

Haitaumia, akifanya vizuri. Noah na Hiace nyingi za zamani zina hita ya pili kwa ajili ya abiria wa nyuma, na maji yake husafiri kwa paipu za chuma chini ya sakafu, ambako matope hukaa na hakuna anayepaangalia. Kama gari limewahi kubeba samaki wa barafu, kutu huwa na haraka zaidi. Maji hudondoka ukiwa safarini, ukisimama hupati hata tone la ushahidi, na kwa kuwa injini ya Noah hizo za zamani iko chini ya viti, ishara ya kwanza huwa ni gari kuchemsha.

Sharti ni moja: aunganishe mzunguko wa maji uendelee, asipigilie bolti kwenye mdomo wa mpira na kuondoka. Kwa injini nyingine njia hiyo ya hita ndiyo inayopitisha maji wakati themostati bado imefunga. Na atumie mpira wa hita wenye kipimo, sio ule wa kumwagilia mchicha. Ule hauvumilii moto wala presha, na utapasuka siku umejaza abiria.

Feni ya hita inafanya kazi namba nne tu. Moja, mbili na tatu kimya. (Buzuruga)

Rezista ya feni imeungua. Namba nne huipita, ndiyo maana imebaki. Mara nyingi iko karibu na feni, chini ya dashibodi upande wa abiria, na inafungwa kwa skrubu mbili hivi. Ikiungua tena baada ya muda mfupi, feni yenyewe imechoka na inavuta umeme mwingi. Ikifa namba zote, anza na fyuzi.

Mimi hununua samaki visiwani na mialoni. Rejeta naiwekea maji ya ziwa, si maji baridi haya, hayana chumvi. Kuna ubaya? (Mfanyabiashara, Ilemela)

Chumvi kweli hayana. Yana tope, mwani na vijidudu vya pwani ya mwalo, na havikai vikitazama. Vinatua mahali penye njia nyembamba, na penye njia nyembamba kuliko pote ni kwenye hita. Maji matupu pia hayana kinga ya kutu, kwa hiyo injini inaanza kujitengenezea tope lake lenyewe, lile jekundu.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa huku hatulifikirii. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya bahari. Tunaishi pwani lakini tuko mlimani, na hapa maji kwenye sufuria huchemka kama nyuzi 96, si 100. Kinachoiokoa injini ni presha ya mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima ulioandikwa 0.9, yaani kipimo cha presha yake, unasogeza kuchemka mpaka juu ya nyuzi 110. Ule wenye raba iliyokauka, au uliobanwa kwa kipande cha nailoni kama ninavyoona kwenye pikapu za mialoni, hausogezi kitu.

Mwaga maji hayo. Chomoa mipira ya hita yote miwili, piga maji safi ya bomba kwa presha ndogo kupitia upande yanakotokea, ili uchafu urudi ulikoingilia. Ukipiga kwa mashine ya kuoshea magari utaipasua rejeta ndogo na utarudi kwangu na swali la yule mama wa Kirumba. Kisha weka kulanti, nusu kwa nusu na maji safi, au iliyokwisha kuchanganywa.

Ni kweli gari likichemsha mlimani unawasha hita? Nilidhani ni utani wa madereva wa Serengeti. (Bunda)

Kweli tupu. Ukitoka geti la Ndabaka ukavuka Serengeti, utapanda mpaka ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200, kwa gia ndogo na upepo mdogo. Mshale ukianza kupanda, zima eisi, weka hita moto wa mwisho na feni ya mwisho, fungua vioo. Umeipa injini rejeta ya pili. Abiria watanuna, ila mshale ukiacha kupanda una muda wa kutafuta pa kusimama.

Ila sikiliza hewa inayotoka. Mshale uko juu na hita inapuliza baridi? Maji hayazunguki, pengine yamekwisha. Hapo hakuna cha kujaribu, zima injini palepale penye usalama. Na mfuniko usiuguse mpaka mpira wa juu uweze kuushika mkononi bila kuuachia.

Nina Kombi ya Volkswagen ya marehemu baba. Haina rejeta, lakini ina kitasa cha hita. Nikikivuta inatoka harufu ya moshi. Nawezaje kuirekebisha? (Capri Point)

Kirudishe kitasa hicho mahali pake, sasa. Injini yako inapozwa kwa hewa, na joto la hita linachukuliwa kwa kupitisha hewa kwenye makasha yanayozunguka bomba za eksosi. Makasha hayo yakitoboka kwa kutu, moshi unaingia ulipo wewe na watoto. Humo kuna kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na inaua. Harufu unayoisikia ni bahati, ni ya vitu vingine vilivyomo kwenye moshi huohuo. Kuchomelea viraka sikushauri. Tafuta makasha mazima au ifunge njia ya hita kabisa, na hata hapo uendeshe vioo vikiwa wazi mpaka eksosi yote ikaguliwe.

Eisi ilikufa zamani na sina pesa ya kuitengeneza. Mvua ikinyesha vioo vyote vinashika ukungu, naendesha nikifuta kwa kanga. (Bukoba)

Kwa mvua za Bukoba kanga moja haitoshi, dada. Toa kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, chukua ya nje. Elekeza hewa kwenye kioo, weka moto kiasi, teremsha kioo cha nyuma vidole viwili. Hewa yenye joto hubeba unyevu mwingi zaidi na kioo chenye joto hakishiki umande. Safisha kioo kwa ndani, kwani uchafu hushikilia ukungu. Kama kapeti ni mbichi, inua boneti uangalie mfereji ulio chini ya waipa. Gari linalolala chini ya mwembe hujaza majani pale, maji yanakosa njia yanaingia kwenye feni ya hita. Yatoe majani hayo kwa mkono.