Barua kwa mwanangu: bei ya korosho ni ya nani?

Mwanangu,

Swali lako kwa haki ni la mhadhiri wako, ila kwa kuwa sidhani kama amewahi kukaa mnadani tangu asubuhi mpaka saa nane akisubiri bei isomwe, nitalijibu mimi. Unasema mmechorewa mistari miwili inayokatana, mmoja wa mahitaji na mwingine wa ugavi, mkaambiwa pale inapokatana ndipo bei inapokaa. Wewe ukakumbuka mwaka 2018, ukiwa bado shule ya msingi hapa Newala, Rais Magufuli alipotangaza kilo ya korosho ni shilingi 3,300 na malori ya jeshi yakaja kubeba mzigo. Unauliza: hapo mistari ilikuwa wapi? Bei ya korosho ni ya nani hasa?

Kwanza usiidharau hiyo mistari. Miaka niliyokuwa mweka hazina wa chama chetu cha msingi cha ushirika niliiona ikifanya kazi bila mtu kuichora. Anza na ugavi. Mkorosho ukiupanda leo, utakaa miaka mitatu au zaidi ndipo uanze kukupa cha maana. Ukishapulizia salfa za katikati ya mwaka kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, kazi yako imekwisha. Oktoba ikifika, kilichomo mtini ndicho hicho. Bei hata ipande mara mbili, huwezi kuongeza kilo moja msimu huo. Kwa hiyo mnunuzi mjanja akitua hapa hahangaiki kuuliza wakulima wanataka shilingi ngapi. Anauliza mzigo upo kiasi gani, na umenyeshewa au haukunyeshewa.

Mahitaji nayo hayapo Newala. Sisi kazi yetu kubwa ni kunusa harufu ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, na kuwafukuza vijana kwenye uraka, pombe yake. Sehemu kubwa ya korosho yetu husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam kubanguliwa huko. India kwenyewe na nchi za Afrika Magharibi huvuna kuanzia Februari hadi kama Juni, sisi huvuna Oktoba mpaka Januari. Maana yake tunaingia sokoni wakati viwanda vimeanza kukwangua maghala. Hiyo ni nafuu kubwa, na hatukuitolea jasho. Ni mvua tu na mahali tulipo.

Mnada wenyewe unaujua. Zamani wanunuzi walikuwa wanatumbukiza zabuni kwenye sanduku, linafunguliwa mbele yetu, bei zinasomwa moja moja, halafu wakulima wanasema tunauza au hatuuzi. Siku hizi zinaonekana kwenye skrini kupitia Soko la Bidhaa, TMX. Mashine imebadilika, kanuni ni ile ile: mwenye bei ya juu anachukua, na sisi tuna haki ya kukataa. Haki hiyo ya kukataa usiisahau, nitairudia.

Sasa njoo 2018. Msimu uliotangulia kilo ilivuka shilingi 4,000. Unakumbuka pikipiki zilivyojaa kijijini, na mabati mapya yalivyokuwa yanaumiza macho. Kila mtu akapanga maisha kwa bei hiyo. Lakini soko la dunia likashuka, na minada ya Oktoba ilipofunguliwa wanunuzi wakaja na bei ambazo hazikufika hata 3,000. Wakulima wakagoma. Serikali ikasema asinunue mtu chini ya 3,000. Wanunuzi wakanyamaza kimya. Novemba ndipo ikatangazwa 3,300, bodi ya korosho ikavunjwa, jeshi likaingia.

Hapo mistari haikufutwa, mwanangu. Bei ikiwekwa juu ya pale inapokatana, wanaotaka kuuza wanakuwa wengi na wanaotaka kununua wanapungua au wanatoweka. Kinachobaki katikati ni mzigo, na lazima awepo mtu wa kuubeba. Mwaka ule aliyeubeba ni serikali: zaidi ya tani 200,000 ndani ya maghala, zikigharimu ulinzi na nafasi, na korosho ghafi ikikaa sana ubora wake unashuka. Januari 2019 ukasainiwa mkataba na kampuni moja ya Kenya, tani 100,000 kwa shilingi bilioni 418. Piga hesabu mwenyewe: ni shilingi 4,180 kwa kilo, wakati soko lilikataa 3,000. Sisi tusio na digrii tuliipiga hesabu hiyo kwenye karatasi ya sukari tukaangaliana. Pesa haikuja, mkataba ukavunjwa Mei. Msimu uliofuata minada ikarudi, kilo ikawa ya elfu mbili na ushee.

Simlaumu aliyetangaza 3,300. Mkulima aliyelipwa kiasi hicho alinufaika, na mimi ni mmoja wao. Nakuambia tu kwamba bei anaweza kuitamka yeyote, ila ukishaitamka wewe, tofauti kati ya bei yako na ya soko unailipa wewe. Hazina ndiyo iliyoilipa, yaani sisi sote, pamoja na yule muuza mitumba wa Mwanza ambaye hajawahi kuuona mkorosho.

Hilo ndilo jibu la darasani. Kuna jambo lingine mistari yenu hailionyeshi, na kwangu mimi ndilo linaloamua nani anakula na nani anashinda njaa katika biashara hii. Ni nani anaweza kusubiri.

Mchukue jirani yetu yeyote mwezi wa nane. Salfa siku hizi inakuja ya ruzuku, lakini petroli ya mashine ya kupulizia ni yake, vibarua wa palizi ni wake, mtoto anaumwa ni wake. Korosho zipo juu ya mti, ni mali kabisa, ila huwezi kwenda nazo duka la dawa. Usiku anakuja mtu wa kangomba, mnunuzi wa magendo. Anakupa shilingi 1,800 taslimu kwa kila kilo utakayompa msimu ukianza, na mizani yake mnajuana nayo. Tuseme Novemba mnada umefunga 3,000. Toa ushuru wa halmashauri, toa cha chama kikuu, cha chama cha msingi, ghala, usafiri, magunia. Tuseme mkononi ingebaki 2,700. Kwa hiyo umepewa 1,800, umelipa 2,700, kwa miezi mitatu. Riba ni asilimia 50. Kwa mwaka, bila hata kuizungusha riba juu ya riba, ni asilimia 200. Benki ikitudai asilimia kumi na kitu kwa mwaka tunaiita nyonyaji, na huyu wa asilimia 200 tunamkaribisha chai.

Wakubwa wakija hapa husema wakulima hawana elimu ya fedha. Si kweli. Yule jirani anajua vizuri sana kwamba anapunjwa, anaweza kukutajia kiasi mpaka shilingi ya mwisho. Ila benki inataka hati ya shamba, shamba ni la urithi lisilo na karatasi, na mtoto anaumwa leo. Anachonunua kwa mtu wa kangomba ni muda. Bei ya muda inakuwa juu pale ambapo muuzaji ni mmoja na amekuja usiku. Kwenye vitabu vyenu nadhani haya yamegawanywa sura tatu tofauti, riba huku, ukwasi kule, ushindani kwingine. Hapa kwetu yanakaa nyumba moja.

Tena kwa uadilifu niseme na upande wake: mtu wa kangomba naye anabeba hatari. Mvua ikinyesha vibaya, bei ikianguka kama 2018, au ukakamatwa mzigo wake maana biashara yenyewe ni haramu, hasara ni yake. Sehemu ya ile asilimia 50 ni malipo ya hofu hiyo. Sehemu, si yote.

Sasa utaelewa kwa nini mfumo wa stakabadhi ghalani uliletwa Mtwara mwaka 2007. Watu wanadhani kazi yake ni kupandisha bei. Kazi yake ilikuwa kumwezesha mkulima kusubiri. Unapeleka mzigo ghalani, unapimwa, unapewa karatasi, na karatasi hiyo ni mali inayoweza kuwa dhamana benki. Miaka ya mwanzo benki zilikuwa zinavikopesha vyama, mkulima anapata malipo ya kwanza papo hapo, mzigo unasubiri mnada, halafu yanakuja malipo ya pili, na kikibaki kitu yanakuja ya mwisho tuliyokuwa tunayaita majaliwa. Jina lenyewe linakuambia tuliyaamini kiasi gani. Bei ikishuka katikati ya malipo ya kwanza na mnada, nani analipa deni la benki? Liwale mwaka 2013 nyumba zilichomwa moto kwa sababu ya malipo yaliyokuja pungufu ya matarajio. Nilikuwa na daftari la chama mkononi kipindi hicho, na ninaweza kukuambia kwamba kumweleza mtu mwenye hasira tofauti ya bei elekezi, ile inayotajwa kabla ya msimu, na bei ya mnada ni kazi ambayo hakuna aliyenifundisha.

Na hapo ndipo lilipo jambo la pili ambalo ningependa ulishike kabla hujafika mwaka wa pili: faida na pesa taslimu ni vitu viwili. Msimu wa 2018, kwenye daftari langu mwenyewe, familia yetu ilikuwa na faida nzuri kuliko miaka mingi. Kilo zilishapimwa, bei ilishajulikana. Lakini kukawa na uhakiki wa nani ana shamba na nani ni kangomba, malipo yakasogea mpaka mwaka mwingine. Januari shule zikafunguliwa tukiwa matajiri wa kwenye karatasi. Wapo waliouza mbuzi kwa bei ya kutupa ili wapeleke watoto sekondari, huku wakidai mamilioni. Mhasibu angesema hawana hasara. Aliyemnunua yule mbuzi alijua zaidi.

Kwa hiyo bei ya korosho ni ya nani? Ya mnunuzi wa mbali kuliko ilivyo yetu, kwa sababu sisi ugavi wetu hauwezi kujikunja na yeye anaweza kwenda kununua kwingine mwezi wa pili. Yetu ni ile nafasi ya kusema hatuuzi leo. Ila nafasi hiyo ina gharama, na asiye na akiba ndani hawezi kuilipa, ananyoosha mkono juu mnadani kukubali chochote. Niliwaona wengi waliopiga kelele za kukataa bei asubuhi, jioni wakija nyumbani kwangu kuuliza mnada ujao lini.

Mhadhiri akiwapa kazi, chagua mnada mmoja uandike juu yake. Bei za minada hutangazwa, chama kikuu chetu cha TANECU hubandika zake. Linganisha mnada wa kwanza wa msimu na wa mwisho uone kama bei inashuka kadiri Februari inavyokaribia na mzigo wa India unavyoanza kunukia. Oktoba 2024 tulivuka 4,000 tena, anzia hapo.

Kuhusu hela ya hosteli uliyoiulizia mwishoni: subiri malipo ya mnada wa pili. Ninaweza kukutumia wiki hii, kaka yako ameshanitajia mtu, lakini ni kwa ile ile 1,800. Muulize msimamizi wa hosteli kama atakubali nusu sasa na nusu Novemba. Hata akikutoza faini ya kuchelewa, nipigie unitajie ni shilingi ngapi, tuifananishe na ya kangomba kabla sijamjibu kaka yako.

Mama yako