Nyumba yenye rosta mbili

Muuguzi wa Hospitali ya Kitete, Tabora, aliyeolewa na mfanyakazi wa treni ana mtihani ambao wenye kazi za ofisini hawaujui: zamu za wote wawili zinahama. Na mjini hapo, kwenye makutano ya reli za Dar, Mwanza na Kigoma, nyumba za namna hii hazikosekani.

Rosta ya wodi ikitoka, ketini siku hiyohiyo mchore mwezi mzima kwenye karatasi moja. Msiandike zamu tu. Andikeni saa ya kutoka nyumbani na saa ya kurudi, mkihesabu na muda wa makabidhiano, maana pengo huzaliwa hapo: baba keshaondoka na treni, mama bado anakabidhi wagonjwa, mtoto anasubiri kwenye geti la shule. Kila pengo lizungushieni wino mwekundu na mliandikie jina la mtu. "Tutaona" si jina. Anayetaka kubadilishana zamu aombe mwanzoni mwa mwezi. Ukiomba usiku wa kuamkia zamu, kila mwenzako ana udhuru.

Aliyetoka zamu ya usiku asihesabiwe kuwa yupo mpaka saa nane mchana. Wengi huteleza hapa. Dada wa kazi anapewa ruhusa kwa kuwa "leo mama yupo", kumbe mama anasinzia, jiko la mkaa linawaka na mtoto anatambaa. Dada naye ana haki ya kupumzika saa 24 mfululizo kila wiki, kwa hiyo siku yake iingie kwenye karatasi ileile. Asiye na siku yake huondoka bila kuaga.

Mtoto akiugua, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa kila mwajiriwa siku 4 zenye malipo, lakini ni kwa mzunguko wa miezi 36, na misiba ya ndugu wa karibu inahesabiwa humohumo. Ni chache mno. Pokezaneni, msizimalize zote za mama. Anayenyonyesha ana hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi: aombe kwa maandishi kabla siku 84 za uzazi hazijaisha.

Chakula ni rahisi zaidi. Loweka kilo mbili za maharage Ijumaa usiku, chemsha Jumamosi bila kuunga, gawa kwa milo, gandisha. Umeme ukikatika usifungue friza. Iliyojaa huhimili hata siku nzima. Dagaa wakavu wa Kigoma wawepo kabatini muda wote, hawategemei umeme.