Kabla ya Kununua Mfumo, Hakikini Dira Zenu

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana mmoja anayefanya kazi katika kitengo cha TEHAMA cha mamlaka ya maji ya mkoa fulani hapa Tanzania. Baada ya shikamoo na kunijulia hali, alikwenda moja kwa moja kwenye jambo lake: mamlaka yao imetengewa fedha za kununua dira za malipo ya kabla, yaani mita za maji ambazo mteja hulipia kabla ya kutumia, pamoja na mfumo wa kufuatilia mtandao wa mabomba kwa kompyuta, na mkurugenzi amemtaka apendekeze kianze kipi. Nilimjibu kwa mistari michache usiku uleule. Hata hivyo nimeona nilieleze jambo hili kwa kirefu hapa, kwa kuwa naamini wengi mnaosoma ukurasa huu mna kiu kama yake: mnataka mamlaka zenu ziachane na makadirio, mnataka takwimu zipatikane zinapoulizwa, na mnataka kazi yenu ionekane. Kiu hiyo ninayo hata leo.

Jibu langu ni kwamba kisianze hata kimoja kati ya hivyo viwili. Kianze kitu ambacho hakina uzinduzi wala utepe wa kukata, nacho ni kuhakiki wateja na dira zao, nyumba kwa nyumba, mpaka kila dira ijulikane iko wapi, ni ya nani na inapata maji kutoka bomba lipi.

Niliingia katika kazi hii nikiwa msoma dira, na najivunia kwamba karibu yote ninayoyajua kuhusu teknolojia ya maji yalianzia kwenye mashimo yanamofungwa dira. Unainua mfuniko wa zege, unasubiri buibui watawanyike, unayakomba maji ya matope kwa kopo, kisha unaufuta ukungu wa kioo kwa kidole gumba mpaka tarakimu zionekane. Tarakimu nyeusi ndizo uniti, na kila uniti moja ni lita 1,000. Zile nyekundu ni vipande vya uniti, nazo haziingii kwenye ankara. Msomaji mgeni, au aliyechoshwa na jua la saa nane mchana, akizisoma zote kwa pamoja, dira iliyofika 148 inaingia ofisini ikiwa 148,325, na mama wa watu anapelekewa ankara ya kiwanda. Siku hizi programu nzuri ya simu inaikataa namba kama hiyo kwa kuilinganisha na wastani wa miezi iliyopita, inadai picha ya uso wa dira, na usomaji unafanyika mbele ya mteja mwenyewe ambaye hupokea ujumbe wa kilichosomwa. Hayo ni maendeleo ya kweli na yamepunguza kilio cha kubambikiwa ankara. Lakini hakuna programu itakayogundua kwamba dira uliyoipiga picha ni ya nyumba ya jirani, ikiwa kumbukumbu zilizolishwa kwenye mfumo ndivyo zinavyosema.

Hilo nililiona kwa macho yangu katika mamlaka niliyokuwa nikiitumikia. Ulinunuliwa mfumo mpya wa ankara, ikatundikwa skrini kubwa katika chumba cha usimamizi, na orodha ya zamani ya wateja ikahamishiwa humo kama ilivyokuwa. Marehemu walihamishwa, nyumba zilizobomolewa kupisha barabara zilihamishwa, na wateja waliosajiliwa mara mbili walihamishwa mara mbili. Ujumbe wa madeni ukaanza kwenda kwa watu ambao bomba lao lilikuwa kavu kwa muda mrefu. Kosa ambalo zamani lilichukua mwezi mzima kumfikia mteja, sasa lilimfikia kwa dakika moja, likiwa na namba ya malipo ya serikali juu yake.

Ndipo mimi na wenzangu wachache tulipopewa kata moja tuihakiki. Sikupewa kwa kuheshimiwa, hakuna aliyeitaka. Tulitembea na vishikwambi tukichukua mahali dira ilipo, namba yake, picha yake na simu ya anayeishi hapo kwa sasa, maana mwenye jina kwenye ankara mara nyingi ni baba mwenye nyumba anayeishi mji mwingine. Tulikuta nyumba ya kulala wageni inayolipa bei ya majumbani. Tulikuta dira zilizosimama, ambazo wateja wake walikuwa wakikadiriwa uniti zilezile kila mwezi. Kwenye uwanja mmoja wa kufyatulia matofali tulikuta bomba limezikwa sambamba na la mamlaka, likiipita dira pembeni, na juu yake limepandwa bustani ya mchicha. Jioni tuliyaweka yote kwenye ramani kwa kutumia QGIS, programu isiyouzwa, na kwa mara ya kwanza mafundi bomba wazee walikaa na vijana wa kompyuta kwenye meza moja, wakibishana ni wapi hasa bomba la inchi nne linakata kona. Nasema bila kusita kwamba mezani pale palifanyika kazi kubwa kuliko yote niliyoshuhudia katika utumishi wangu.

Baada ya hapo tuliitenga kata ile. Tulifunga valvu za mipakani ili maji yaingie kwa njia moja tu, tukafunga dira kubwa kwenye njia hiyo, pamoja na kifaa cha kurekodi mtiririko na kuutuma kwa laini ya simu. Mwenye kutaka kuelewa upotevu wa maji aangalie mtiririko wa kati ya saa nane na saa kumi usiku, wakati watu wamelala na matangi ya juu ya nyumba yamejaa. Maji yanayoendelea kupita kwa wingi saa hizo hayajamfikia mtu. Mchoro wa mtiririko wa kata yetu haukushuka usiku kama ulivyopaswa. Tulifunga barabara moja baada ya nyingine kwa valvu, na tulipofunga mtaa wa sokoni mchoro ukaanguka ghafla. Maungio ya bomba yalikuwa yakivuja ndani ya kalvati, maji yanakwenda na mfereji wala hayatokezi juu, na hakuna mpita njia angeweza kutoa taarifa. Yalipozibwa, nyumba za mlimani ambazo zilizoea kukinga maji alfajiri kwa ndoo zilipata mgandamizo wa kupandisha maji mpaka kwenye tangi.

Ripoti ya kazi hiyo iliwasilishwa kwenye mkutano mkubwa na mtu ambaye hakuwahi kufunua mfuniko hata mmoja katika kata ile, na majina yetu hayakuwemo. Skrini ndiyo iliyopigwa picha. Nakiri kwamba jambo hilo bado linaniuma, na pengine ndiyo sababu naandika kwa mkazo kuhusu watu wa chini katika kazi hii. Mdogo wangu, ukipata mafanikio, yaandike majina ya mafundi na wasoma dira kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti yako, kwa sababu wao ndio wanaoujua mtandao, na siku wakikasirika mfumo wako utabaki na namba za kubuni.

Msidhani ninalosema ni la miji midogo tu. Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, ulikuwa unapoteza asilimia 72 ya maji yake mwaka 1993, pale Ek Sonn Chan alipoanza kuiongoza mamlaka ya maji ya huko. Walipita nyumba kwa nyumba, wakakuta watu wanaotumiwa ankara bila kuwa na maji, na wengine wana maji bila kuwemo kwenye daftari. Walifunga dira kwa kila mteja, wakawabana hata wakubwa waliokuwa hawalipi, wakaugawa mtandao katika kanda na kufuatilia mgandamizo wa kila kanda kutoka mbali. Mwishoni mwa miaka ya 2000 upotevu ulikuwa umeshuka hadi takriban asilimia 6. Nairobi nako, mpango wa Jisomee Mita ulioanzia Kayole-Soweto miaka kumi na ushee iliyopita ulimwezesha mteja kusoma mita yake, kutuma namba kwa simu ya kawaida na kulipa kwa M-Pesa. Kwangu mimi huo ni mfumo wa hali ya juu, kwa sababu unamtegemea mtu anayeijua mita ile kuliko mtu mwingine yeyote.

Kuhusu dira za malipo ya kabla zenyewe, tahadhari yangu ni moja. Palipo na mgao, maji yanaporudi husukuma hewa mbele yake, na hewa hiyo huyazungusha mapanga yaliyomo ndani ya dira kabla tone halijafika. Dira ya zamani mteja angeilalamikia mwisho wa mwezi. Hii mpya inamla fedha aliyokwisha kulipa huku bomba likikoroma. Hakikini mabomba kwanza, wekeni valvu za kutoa hewa, mjue ni mitaa ipi ina maji saa zote, ndipo mfunge dira hizo huko.

Na kama mtaunganisha pampu kwenye intaneti, badilisheni nywila ya kiwandani siku ileile. Novemba 2023, huko Aliquippa katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, wadukuzi waliingia kwenye kifaa kinachoendesha kituo cha kuongeza mgandamizo, na wafanyakazi wakalazimika kuendesha kituo kwa mikono. Waliweza kwa sababu walikuwepo watu wanaojua kuendesha kwa mikono. Nasi tusiwaache watu hao wastaafu bila kurithisha ujuzi wao.

Kijana huyo ameniandikia tena jana. Anasema mkurugenzi amemwelewa, lakini hofu yake ni kwamba fedha zisipotumika kabla ya Juni 30 zitarudishwa Hazina, na uhakiki wa nyumba kwa nyumba hauna kitu cha kuonyesha kwenye manunuzi. Hofu hiyo ni halali, ila uhakiki una vifaa vyake. Dira kubwa za kupima kanda, vifaa vya kurekodi mtiririko, valvu za mipakani, valvu za hewa na vishikwambi vyote ni bidhaa zinazonunuliwa kwa zabuni, na zitahitajika kwa mfumo wowote mtakaokuja kuuchagua baadaye. Nimemshauri apendekeze hizo ziwe awamu ya kwanza ndani ya bajeti ileile, achague kata moja yenye njia moja ya kuingizia maji, na aombe aambatane na msoma dira aliyekaa muda mrefu kuliko wote katika kata hiyo.