Maswali Yenu: Daraja la Kati la Kandanda ya Kigaeli, Kaunti ya Kerry

Mhariri, nafanya kazi Tralee, Ayalandi. Ikifika Septemba wenzangu hawana habari nyingine ila "daraja la kati" la kaunti yao. Ni daraja gani hilo, na bingwa wake anapata nini?
*Msomaji, Tralee*

Kandanda ya Kigaeli ni mchezo wa Waayalandi unaochezwa kwa mikono na miguu. Kwa klabu za Kerry, daraja la juu lina timu 8. Chini yake ndiyo hilo la kati, lenye timu 16, kisha yanafuata madaraja ya junia, yaani ya chini zaidi, si ya vijana. Timu 16 hugawanywa makundi manne ya timu nne nne. Kila timu hucheza mechi tatu, mbili za juu huingia robo fainali, na wa mkiani huchuana wasishuke.

Anayepanda ni bingwa peke yake. Kufika fainali na kufungwa hakukupi chochote, mwakani unaanza upya na wale wale. Ndiyo maana wenzako wana homa.

Bingwa pia huiwakilisha Kerry katika jimbo la Munster, dhidi ya mabingwa wa daraja hilo kutoka kaunti jirani kama Cork na Clare. Akivuka hapo anaingia nusu fainali ya Ayalandi nzima, na fainali yenyewe huchezwa Januari, uwanja wa Croke Park, Dublin. Rathmore walipita njia hiyo: bingwa wa Kerry 2022, bingwa wa Ayalandi Januari 2023 baada ya kuwafunga Galbally wa Tyrone.

Usidhani ni daraja la wanyonge. Fainali ya Januari 2025 ilikutanisha Crossmolina wa Mayo na Ballinderry wa Derry, na Crossmolina wakashinda. Klabu hizo mbili ziliwahi kuwa mabingwa wa Ayalandi wa daraja la juu kabisa, 2001 na 2002. Wachezaji hawalipwi na hakuna soko la usajili, kwa hiyo kijiji kikipata kizazi kimoja chenye vijana wachache, timu inashuka tu. Hakuna wa kununuliwa.

Nimeona matokeo yameandikwa 1-12 kwa 0-14. Nani kashinda?
*Msomaji, Mombasa*

Wa kwanza. Tarakimu ya kushoto ni magoli, ya kulia ni pointi. Goli moja ni sawa na pointi 3, basi 1-12 ni 15, na 0-14 ni 14. Mpira ukiingia wavuni chini ya mtambaa wa panya ni goli, na mwamuzi wa goli hupandisha bendera ya kijani. Ukipita juu yake katikati ya milingoti ni pointi, bendera nyeupe.

Tangu 2025 kuna bendera ya rangi ya chungwa pia: mpira uliopigwa kwa mguu kutoka nje ya tao la mita 40 (mstari wa mviringo uliochorwa mbele ya goli) na kupita juu ya mtambaa wa panya huhesabiwa pointi 2. Kwenye matokeo zinaingia upande wa kulia kama kawaida, kwa hiyo ukisoma 0-14 huwezi kujua ngapi zilitoka mbali. Angalizo: mpira wa adhabu wa mita 45, ambao ni kama kona yao, unabaki pointi 1 ingawa unapigwa kutoka nje ya tao.

Timu tatu zikilingana kwenye kundi, nani anasonga mbele? Tumebishana mpaka usiku.
*Msomaji, Tralee (tena)*

Ushindi ni alama 2, sare 1. Zikilingana timu mbili tu, huangaliwa nani alimfunga mwenzake. Zikiwa tatu, kigezo hicho huwekwa kando na kinachotazamwa ni tofauti ya pointi za kufunga na kufungwa, magoli yakiwa yamegeuzwa kuwa pointi.

Chukua mfano. A kamfunga B 1-10 kwa 0-12 (tofauti 1). B kamfunga C 2-11 kwa 0-10 (tofauti 7). C kamfunga A 0-15 kwa 0-13 (tofauti 2). Wote wamemfunga D: A kwa tofauti ya 4, B ya 3, C ya 12. Kila mmoja ana alama 4. Tofauti zao: B +9, C +7, A +3. A anakwenda nyumbani, ingawa alimfunga B.

Sasa tuseme D hakutokea uwanjani siku ya mechi yake na A, na A akapewa ushindi wa bure. Hapo hesabu hubadilika: zinatazamwa mechi baina ya hao watatu peke yao, za D zote zinatupwa. B +6, A -1, C -5. Anayetoka ni C, na ile tofauti ya 12 aliyoipata kwa D haimsaidii kitu. Ugomvi mwingi wa usiku huzaliwa hapa. Kabla ya kupiga hesabu, uliza kwanza kama kuna mechi ya kundi hilo ambayo haikuchezwa.

Mbona David Clifford, mchezaji wa Kerry, anachezea timu mbili katika kaunti moja? Si kosa?
*Msomaji, Nairobi*

Si kosa. Klabu yake ni Fossa, ambayo ilitwaa ubingwa wa Ayalandi wa junia Januari 2023 na kupanda daraja la kati. Kerry ina mashindano mengine ya kombe la kaunti, ambamo klabu za daraja la juu hukutana na timu za wilaya. Wachezaji wa klabu za madaraja ya chini huunganishwa humo, naye huvaa jezi ya East Kerry. Timu ya kaunti yenyewe, Kerry, ni ya tatu.

Tunajifunza mchezo huu na Waayalandi hapa Muscat. Kila nikishika mpira refa anapuliza filimbi.
*Msomaji, Muscat*

Huenda ni hatua. Ukiwa na mpira mkononi una hatua nne, kisha lazima uudunde chini au uudondoshe mguuni na kuurudisha mikononi. Kudunda mara mbili mfululizo ni kosa, na waliozoea kikapu hunaswa hapo. Kuudondoshea mguuni unaweza kurudia upendavyo.

Kosa jingine ni kuinama na kuuokota mpira ulio chini. Tia kwanza ncha ya kiatu chini yake, uuinue, ndipo uudake. Na pasi ya mkono haitupwi: mpira hupigwa kwa ngumi au kiganja, na refa lazima auone mkono ukipiga.