Baba ana presha, nami nimeirithi?

"Shangazi, nina miaka 16, niko kidato cha tatu, tunaishi Kirumba. Baba ana presha, bibi alifariki kwa kiharusi. Juzi baba na mama waligombana vibaya, nikakimbilia duka la dawa kupima, ikasoma 138 kwa 84. Mama anasema ni hasira zangu, nijifunze kuzimeza. Nimeirithi?"

Mwanangu, umepima machozi hayajakauka! Mtu akiogopa au akikasirika, adrenalini, kemikali ya mwili ya kushtuka, hummwagikia mwilini, moyo unakwenda mbio, mishipa inabana, presha inapanda. Akitulia hushuka. Hata mimi ungenipima saa ile, ningemtisha muuza dawa.

Lakini usiipuuze. Kwa umri wako kawaida ni chini ya 120 kwa 80. Ikionekana 130 kwa 80 au zaidi katika siku tatu tofauti, hapo daktari anakuwa na la kusema. Basi nenda kituo cha afya asubuhi, kabla ya kunywa chai. Keti dakika 5 kimya, egemeza mgongo, miguu yote sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo, na uvue sweta la shule, mkanda wa kipimo ukae kwenye ngozi. Mtaje baba na bibi. Wakikupima na mkojo usishangae, maana kwa vijana presha mara nyingine hutokea kwenye figo. Ila kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu au kifua kikibana, usingoje asubuhi.

Kurithi kupo, sikufichi. Lakini kwenu mnarithishana pia sufuria. Kayabo, samaki aliyekaushwa kwa chumvi, halafu mchuzi wake unatiwa chumvi tena! Mtu mzima hapaswi kuzidi kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku nzima, vyakula vyote.

Kuhusu kumeza hasira, mama yako anisamehe, sikubaliani naye. Uso unatulia, moyo haujatulia, na usiku hulali. Ugomvi wa wazazi si mzigo wako kuubeba. Wakianza tena, chukua daftari uende kwa jirani au ndugu unayemwamini, umweleze yote. Ikifika kupigana, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, hutozwi.

Na baba, dawa anameza kila siku, au ndiye yule anayeziacha akijisikia nafuu? Mwombe mwende kupima pamoja.